Nani Anakukimbiza?

Anayejiandaa kwa marathoni akiwa Shinyanga hulipata swali hili kabla hata goti halijaanza kumsumbua. Huulizwa na mama aliyeinama juu ya karai la maandazi kando ya barabara. Huulizwa na dereva wa bodaboda anayesubiri abiria wa kwanza. Mzee anayetoa ng'ombe kwenda malishoni huuliza kwa macho tu. Mtu mzima anakimbia peke yake alfajiri, hana ndoo, hana fimbo, hana mfugo mbele yake. Basi ama kuna anachokikimbia, ama kuna anachokikimbilia. Akisema yuko mazoezini, jibu hupokelewa kwa adabu, lakini swali linabaki palepale. Mazoezi ya nini? Na ukimaliza unapata nini?

Si swali la kijinga. Usukumani mbio zimekuwa taarifa tangu zamani. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa, iwe kwa ng'ombe walioibwa au nyumba iliyovamiwa, kila mwenye miguu hutoka na silaha aliyonayo, na asiyetoka hujieleza kesho yake mbele ya wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 utaratibu huo ulipata sura mpya pale sungusungu walipoanza kujipanga katika vijiji vya Kahama na jirani zake kukabiliana na wezi wa mifugo, kisha wakaenea mikoa mingine. Ukimwona mtu mbio, ujue pana jambo. Na mtu anayekimbia gizani bila mwano kupigwa, huyo ndiye jambo lenyewe.

Zipo mbio zisizo na dharura, lakini nazo zina kibali chake. Wanafunzi hutoka na mchakamchaka asubuhi, na nyimbo zao huwatangulia kona kabla hawajaonekana. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, hukimbizwa nchi nzima kila mwaka, na ratiba yake hujulikana mapema kiasi kwamba katika vijiji vingi greda hupita kwanza. (Kuna wanaotamani Mwenge upite kwao kila mwezi, na sababu haihusiani sana na uzalendo.) Mkimbiaji wa marathoni hana wimbo, hana sare, hana kiongozi wa msafara. Anatoka nyumbani, anazunguka, anarudi alipotoka, mikono mitupu. Kitendo cha namna hiyo kina thamani gani mahali ambapo kila mwendo una mzigo wa kurudi nao?

Kabla ya kujibu, zitazamwe njia zenyewe, maana falsafa ya mbio isiyojua udongo haifiki mbali. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ni tambarare. Wasukuma wana majina ya aina za udongo ambayo mkimbiaji hufundishwa na viatu vyake. Luseni, ule mchanga wa sehemu za juu, hufanya mguu uzame kidogo wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha hunywa maji upesi na huwa ndiyo njia ya kukimbilia. Mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, ni mgumu na tambarare mwezi Agosti, ila una nyufa za kuteguka kifundo. Mvua za Novemba zikianza hunata kwenye soli hadi kiatu kinakuwa kizito mara mbili, na mtu husimama kila baada ya hatua chache kukikwangua kwa kijiti. Kwa hiyo njia nzuri ya kiangazi si njia nzuri ya masika, na anayetaka kukimbia mwaka mzima lazima awe na mbili.

Iko lami ya kwenda Mwanza kupitia Kolandoto. Imenyooka, inapimika, na ina malori na mabasi ambayo hayana desturi ya kumpisha mtu wa miguu. Uko uwanja wa CCM Kambarage, salama zaidi, lakini kilomita 30 za mbio ndefu kwenye njia ya mita 400 ni mizunguko 75, na akili huchoka kabla ya miguu. Zinabaki njia za ng'ombe na za baiskeli zinazounganisha kata za pembezoni, na hizo ndizo bora kwa mguu. Ila hazina taa, zina mbwa, na zina heshima yake: huwezi kumpita mzee kimya eti kwa sababu unapima muda. Inabidi "shikamoo" itoke hata kama pumzi haitoshi, na kwa anayejua lugha ya wenyeji, "mwangaluka" humfungulia njia kuliko fulana yenye namba. Mkimbiaji anayesalimu huulizwa swali lile kwa kicheko. Asiyesalimu huulizwa kwa namna nyingine.

Geita ni habari nyingine. Vilima vinampa mkimbiaji mazoezi ambayo Shinyanga haina, lakini barabara za kuelekea Katoro na Nyarugusu ni mali ya michomoko, yale magari madogo yanayobeba abiria hadi kwenye buti, na ya malori ya mawe. Upande mmoja kuna uzio wa mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Upande mwingine, nje ya njia iliyokanyagwa, yapo mashimo: maduara ya wachimbaji wadogo yaliyoachwa wazi baada ya rashi, yaani wimbi la watu wanaofuata dhahabu mpya, kuhamia kwingine, mengine yamefunikwa na nyasi. Hapo hakuna kukata kona. Njia ya mkato inaweza kuwa na kina cha mita nyingi.

Halafu kuna saa. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini jua halisomi saa ya Dar es Salaam. Shinyanga jua huchomoza kwa wastani zaidi ya dakika 20 baada ya Dar, na Geita karibu nusu saa baadaye. Anayetoka saa 11 alfajiri, kama vitabu vya mazoezi vinavyoshauri kwa nchi za joto, ana zaidi ya saa nzima ya giza mbele yake. Na anayesubiri kupambazuke vizuri atamalizia mbio ndefu jua likiwa limeshapanda, na kwenye tambarare zile hakuna kivuli cha kutosha. Miti mingi ilifyekwa enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, mingine ikaondoka kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Iliyorudi imerudi kwa sababu ya ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa kwa makubaliano ya wenyeji, yaliyofufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanzia 1986 hadi yakavuka hekta 300,000.

Huo ndio uwanja. Sasa lirudi swali la mikono mitupu.

Katika ukanda huu wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, uhusiano wa jasho na malipo si wa kawaida. Mkulima wa pamba akipalilia vizuri na mvua ikija, anajua takriban atavuna nini. Mchimbaji hajui. Anaweza kushuka kwenye duara miezi sita, akala mkopo wa mwenye shimo, akapandisha viroba vya mawe, akavipeleka kwenye karasha kusagwa, akaosha kwa zebaki, na akapata punje isiyolipa hata deni la unga. Jirani yake, hatua kumi kutoka pale, anagonga mwamba siku ya tatu na kununua gari. Wapo wanaookoteza magwangala, yale mawe yanayohesabiwa kuwa mabaki, na humo pia mmoja hupata na mwingine hapati. Hakuna juhudi inayoeleza tofauti hiyo. Kati ya kazi na tunda kuna pengo, na binadamu ni kiumbe asiyevumilia pengo lisiloelezwa.

Dini mbili kubwa za nchi hii, Ukristo na Uislamu, zimelitazama pengo hilo kwa kutumia mbio, na hazikulitazama kwa namna moja. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alichagua mfano ambao wasomaji wake waliuona kwa macho: karibu na mji wao yalikuwa yakifanyika mashindano ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Hoja yake katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza ni kwamba wote hukimbia ila tuzo ni ya mmoja, kwamba taji la wanariadha hunyauka, na kwamba yeye mwenyewe hakimbii kama mtu asiyejua aendako. Kwa Paulo mbio bila shabaha ni upuuzi. Mama wa maandazi angekubaliana naye.

Kisa cha Hajar kinakwenda upande mwingine. Mama ameachwa bondeni na mtoto mchanga, maji yameisha, naye anakimbia kati ya vilima vya Safa na Marwa akitazama kama kuna msafara. Mara saba. Shabaha anayo, tena kali kuliko ya mwanariadha yeyote. Lakini maji hayakutoka Safa, hayakutoka Marwa, wala hayakutoka mahali popote alipokanyaga akikimbia. Yalitoka pale alipolazwa mtoto. Waislamu wanaohiji hurudia mwendo ule hadi leo, jumla kama kilomita 3, wakienda na kurudi katika njia ambayo kijiografia haifiki popote. Lingekuwa jambo rahisi kwa dini kuwapeleka mahujaji kisimani moja kwa moja na kuwaacha wanywe. Badala yake imewaamuru warudie zile mbio ambazo hazikuyagusa maji. Kana kwamba kinachokumbukwa ni kule kuhangaika kwenyewe, na malipo yakaachwa kuwa neema ya Mwenye kuyatoa, wala si mshahara wa hatua zilizohesabiwa.

Aristotle aliwahi kutofautisha matendo ambayo mwisho wake uko nje, kama kujenga nyumba, na yale ambayo mwisho wake umo ndani yake, kama kuona. Ni tofauti yenye manufaa, lakini mbio za marathoni hazikai vizuri kwenye boksi lolote kati ya hayo. Muulize John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 1968, Mexico City, alianguka, goti likaumia, na akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Tuzo ilishakwisha. Kwa hesabu ya Paulo hapakuwa na kitu cha kukimbilia. Kwa hesabu ya Aristotle, goti lililofungwa bandeji si raha inayojitosheleza. Hata hivyo Watanzania wamemkumbuka zaidi ya wengi walioshinda. Na upande wa pili wa sarafu ni Alphonce Simbu wa Singida, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48. Picha ya mstarini ndiyo iliyowatenganisha, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Nani atasema kwamba sehemu tatu za mia za sekunde ni kipimo cha jasho la miaka?

Hapa ndipo mbio zinapokuwa na jambo la kuuambia ukanda wa dhahabu. Anayejiandaa kwa marathoni hukaa na pengo lile kwa hiari. Anafanya kazi ambayo huenda isimlipe, anajua hivyo, na hatafuti mtu wa kumlaumu. Hiyo si tabia ndogo. Maana pengo lilelile, likiachwa mikononi mwa mtu asiyelivumilia, huenda kutafutiwa maelezo kwa mganga, na Shinyanga na Geita zinajua maelezo hayo yaligharimu nini. Kuanzia 2007 mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa yalitikisa nchi. Nyuma yake ilikuwapo imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu mgodini na samaki wavuni. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo na ambayo sasa iko Geita. Watoto wenye ualbino waliondolewa majumbani wakapelekwa vituoni, wengi wao Buhangija, ndani ya manispaa ya Shinyanga, kwenye shule ambayo ukuta na lango vilikuwa sehemu ya matunzo.

Mtoto mwenye ualbino hapaswi kukaa juani. Ngozi yake inaungua, na saratani ya ngozi humnyemelea mapema. Saa yake ya kucheza nje ni alfajiri na jioni, mwanga ukiwa laini. Yaani saa zilezile za mkimbiaji. Lakini hizo ndizo saa ambazo mtoto huyo alikatazwa kutoka, kwa sababu jua lilipokuwa halimtafuti, watu walikuwa wanamtafuta. Na swali la barabarani, lile linaloulizwa kwa kicheko, kwake halikuwa la kicheko hata kidogo. Nani anakukimbiza? Alikuwapo kweli.

Si yeye peke yake. Vikongwe wa Usukumani waliuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yaliiva kwa moshi wa miaka mingi jikoni, kwa kuni mbichi, mabua na kinyesi cha ng'ombe, baada ya miti mizuri kuondoka. Msichana anayetaka kukimbia saa 11 alfajiri katika njia ya ng'ombe iliyo bora kabisa kwa goti lake hufanya hesabu ambayo mwenzake wa mazoezi wa kiume haifanyi: nani yuko kwenye kona ile, na kama atapiga kelele nani atasikia. Mara nyingi anaamua kukimbia na kundi la jogging siku ya Jumapili, kwenye lami, na siku nyingine anabaki nyumbani.

Kwa hiyo anayetafuta njia nzuri katika miji hii anatafuta zaidi ya udongo na umbali. Kukimbia bila sababu, bila kudaiwa maelezo, ni uhuru ambao haujagawiwa sawa. Mwanamume mwenye afya, anayejulikana mtaani, mwenye "shikamoo" mdomoni, anao kidogo. Mchimbaji mgeni kutoka mkoa mwingine, akionekana mbio usiku karibu na mwalo wa kuoshea dhahabu, anaweza kupigwa kabla hajajieleza. Mtoto wa Buhangija hakuwa nao kabisa. Njia isiyopitika na hao si njia nzuri, hata kama viatu vinaipenda na saa ya mkononi inaisifu.

Paulo yuko sahihi kwamba mtu ajue aendako, na kisa cha Hajar ni sahihi kwamba maji si lazima yatoke huko aendako. Mkimbiaji anaweza kuyashika yote mawili, ila kwa sharti moja ambalo mahujaji wanaliona bila kuambiwa: kati ya Safa na Marwa hakuna anayekimbia peke yake. Njia ile imetengenezwa ili mzee wa kiti cha magurudumu, kijana wa Jakarta na mama wa Kigoma waende mwendo uleule bila mmoja kumwuliza mwenzake anatafuta nini.

Shinyanga ina desturi ya kufikia makubaliano ya namna hiyo. Ngitili hazikurudi kwa amri peke yake. Zilirudi kwa sababu dagashida, baraza la kimila, lilikaa likaamua ng'ombe wa nani wasubiri na mpaka lini, na faini ni nini kwa atakayevunja. Jamii iliyoweza kukubaliana kuyaacha majani yakue inaweza kukubaliana njia ipi isimtishe mtu alfajiri, mbwa wa nani afungwe, na zamu ya sungusungu iishie saa ngapi. Haihitaji mradi wa wafadhili.

Lakini taa zinahitaji fedha, na fedha zipo. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, wenye migodi wanatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri za eneo lao. Shule na zahanati zimejengwa kwa njia hiyo, na ziendelee. Madiwani wa Geita, Kahama na Kishapu waingize kwenye mpango ujao kilomita chache za njia ya waenda kwa miguu, yenye taa na kivuli cha miti, nje ya uzio na mbali na malori, na mashimo ya kando yake yafukiwe. Na mkimbiaji anayechora njia yake mpya leo, kabla ya kuangalia ramani kwenye simu, aende kwa wanawake wanaotoka kuchota maji na kuuza maandazi kabla ya jogoo wa pili, awasalimu vizuri, awaulize wanapita wapi na wapi hawapiti. Wanazijua njia za mji kuliko programu yoyote ya simu, na wakimwambia kona fulani haifai, aiache.